Sufuria ya Batasema

Mwadi wangu,

Umetoka na mama yako kwenda kusuka nywele, na mimi nawajua: mkikaa kwa yule msusi wa karibu na soko, hamrudi kabla jua halijashuka. Nina saa tatu, labda nne. Sufuria ya Tutaona iko juu ya babula hapa nyuma ya nyumba, inachemka polepole, naye mwenyewe amelala karibu na makaa, pua chini ya mkia, akijifanya hana haja. Nimekaa kwenye kile kiti cha mgongo wangu mbovu, na daftari lako la zamani la hesabu liko juu ya goti. Nimechana kurasa ambazo hukuandika kitu. Usinicheke kwa huu mwandiko. Mkono uliozoea usukani wa lori haujui kwenda taratibu.

Sitakuandikia mambo ya safari. Mama yako amekwisha kukuambia ukae upande gani wa basi, usinunue nini basi likisimama Likasi, uvae sketi gani ukienda kanisani Lubumbashi, na dawa ya tumbo umeiweka wapi. Amekuambia mara tatu, na kesho asubuhi atakuambia mara ya nne. Hiyo ni kazi yake na anaijua. Mimi nina jambo moja tu, nimekaa nalo miaka minne, na nitalisema sasa hivi, kwa sababu najijua: nikianza kuzunguka, nitazunguka mpaka kurasa ziishe.

Batasema hakulishwa sumu na Tata Kazadi. Batasema alikufa kwa chakula changu.

Isome tena ukitaka. Mimi mwenyewe nimeiandika, nikaichana, nikaiandika tena. Sasa kaa chini, mwanangu, nikueleze yote kutoka mwanzo, maana ulikuwa na miaka kumi tu na kuna vitu ulivyoviona bila kuvijua.

Unakumbuka siku nilipomleta. Ilikuwa safari yangu ya mwisho ya lori, ingawa sikujua kwamba ni ya mwisho. Nilikuwa nimezoea njia ya Fungurume mpaka mpakani na magunia ya madini, lakini mwezi ule walinituma upande mwingine, Sandoa, kuchukua mihogo. Mgongo ulikuwa umekwisha kuharibika. Nilishuka kwenye lori kwa kushikilia mlango kama mzee. Mama mmoja mkulima aliyeniuzia mihogo akanionea huruma, akaniwekea mbwa mdogo ndani ya kofia yangu. Akasema, "Chukua, akulindie nyumba wakati utakuwa umelala." Nilirudi Kolwezi na mbwa juu ya mapaja, nikakabidhi lori, na daktari akaniambia sitaendesha tena.

Hukunielewa siku zile, na sikutaka unielewe. Mwanaume ambaye wake za watu walimsikia akipiga honi kona ya avenyu, sasa yuko nyumbani saa nne asubuhi, hana la kufanya. Mama yako alikuwa anatoka alfajiri na vitunguu na nyanya zake kwenda sokoni, wewe unakwenda shule, na mimi nabaki na mbwa. Nilijaribu kupika nikusaidieni. Unakumbuka bukari yangu ya kwanza, ugali wangu ule? Wewe ulikula kwa heshima. Mama yako aliiangalia, akaigusa kwa kidole, akasema, "Tata Mwadi, hii njo ya kujengea ukuta." Kuanzia hapo sikuruhusiwa kugusa sufuria ya watu. Nikabaki na mteja mmoja ambaye hakulalamika.

Ndivyo nilivyoanza kumpikia mbwa. Sikuwa na wazo lingine. Watu wa avenyu yetu wanampa mbwa ukoko uliobaki chini ya sufuria, na mifupa ya samaki kama ipo, basi. Mimi nikawa nampikia chake, sufuria yake, saa yake. Unga wa mahindi, vichwa vya samaki, majani ya lengalenga, siku nyingine shingo ya kuku. Na kwa sababu alikuwa wangu na nilimpenda, nikampikia kama mtu. Nilikaanga kitunguu kwanza. Chakula kisicho na kitunguu, kwangu mimi, ni chakula cha mtu unayemdharau. Nyumba yetu haikukosa vitunguu hata siku moja, maana vile vilivyoanza kuota majani mama yako alivirudisha kutoka sokoni, na vyote nilivikata ndani ya sufuria ya mbwa.

Maneno yakaanza, bila shaka. Dereva mzima anapikia mbwa! Mama yako alikuja siku moja amekasirika, akaweka beseni chini kwa kishindo. "Bantu beko bananicheka ku soko. Banasema bwana yangu eko anapikia imbwa nyama!" Na Tata Kazadi, jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyekuwa karani zamani, mtu anayesema kila neno kama analiandika kwenye faili, alisimama uani kwake akasema kwa sauti ya kusikika, "Bantu banalala njaa, ye anapikia imbwa." Hakusema uongo. Lakini mimi nilikuwa mtu wa hasira siku zile, unajua, na jina la mbwa nilikuwa bado sijalichagua.

Wewe unajua watu wa huku wanavyompa mbwa jina. Humpi jina lake yeye, unampa jina la kumsema jirani. Unasema na mbwa, na mwenye masikio anasikia. Nikamwita Batasema. Wacha waseme, watasema tu, na kila jioni nitalitangaza kwa mdomo wangu. Na nilikutuma wewe, kwa sababu sauti yako ilikuwa nyembamba na ilifika mbali. Ulisimama langoni, ukafumba macho, ukaita "Batasemaaa!" mpaka kule mwisho ambako wachimbaji walikuwa wanaosha mawe yao. Na upande wa pili wa ukuta, Tata Kazadi alikohoa. Kila jioni, wewe unaita, yeye anakohoa. Mimi nilicheka peke yangu jikoni. Sasa hivi sicheki, nakuambia ukweli.

Halafu ikatokea ile ya kuku. Batasema alipita kwenye tundu la ukuta, akaua kuku mmoja wa Tata Kazadi, kuku aliyekuwa akitaga. Mzee alikuja langoni na manyoya mkononi, hakuingia. Akasema, "Hii Batasema yako ikirudia huku, itajua mi ni nani." Nilimjibu vibaya. Ulikuwa nyuma yangu umenishika shati, ulisikia yote.

Baada ya wiki mbili Batasema akaanza kuchoka. Hakukimbia tena kwenda langoni. Ufizi wake ulikuwa umepauka, mweupe kama unga, na mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai kali. Mimi nilifikiri amekosa nguvu. Na mtu aliyekosa nguvu unamfanyia nini? Unampikia vizuri zaidi. Nilimwomba mama yako aniletee ini la ng'ombe. Nililikaanga na vitunguu vinne, vikubwa, kwa sababu nyanya yako alikuwa akituambia kitunguu kinasafisha kifua na kurudisha nguvu. Alipokataa kula peke yake, wewe ulikaa chini kwenye sakafu, ukaweka kichwa chake juu ya mapaja, ukamlisha kwa vidole. Kipande kimoja kimoja. Ulikuwa unampulizia kwanza ili asiungue. Ulisema, "Kula, Batasema, Tata amekupikia weye peke yako." Alikula kwa sababu ni wewe. Tulifanya hivyo siku tano, na siku ya sita hakuamka.

Ndiyo sababu naandika, Mwadi. Nitarudi hapo, lakini nataka ujue tangu sasa kwamba kila nikifumba macho naona vile vidole vyako.

Ulilia mpaka ukapata homa. Na mimi nilikuwa na mtu wa kumlaumu, amesimama tayari upande wa pili wa ukuta. Damu kwenye mkojo, mbwa mzima, jirani aliyetishia. Nilikwenda kwa shefu wa avenyu, nikasema yote mbele ya watu. Tata Kazadi aliitwa. Alisimama na suti yake ya zamani, akasema, "Mi sikumupa kitu imbwa yake. Nilisema kwa hasira, lakini sikumupa kitu." Shefu hakuwa na ushahidi, akatuambia twende nyumbani tuishi kwa amani. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuamua. Na siku ile tukirudi, wewe ulimwona langoni kwake, ukamwita "Tata Sumu." Ulikuwa na miaka kumi na macho yamekuvimba. Batoto wote wa avenyu wakalichukua. Kabla ya wiki kuisha, hata wakubwa walisema, nunua makaa kwa jirani ya Tata Sumu, pitia nyuma ya Tata Sumu. Mimi nilisikia na sikukukataza. Nilisikia na nilifurahi. Hilo ni langu, si lako.

Miaka kumi sasa, sisi hatupiti mbele ya lango lake. Tunapita barabara ya juu, tunazunguka, hata mvua ikinyesha. Mtu amezeeka akiitwa kwa jina ulilompa wewe kwa sababu mimi nilikuambia uongo niliouamini.

Na nilipokuwa nikiuamini, Mwadi, mpaka hapo nilikuwa mjinga tu. Ubaya wangu ulianza baadaye.

Ulikuwa na miaka kumi na sita. Mama yako alikuwa ameleta mbwa mwingine, huyu Tutaona, na yeye ndiye aliyempa jina. Nilipoahidi kwamba safari hii nitamtunza vizuri, aliniangalia, akasema, "Tutaona." Jina likabaki. Nilikuwa nimempikia wiki mbili tu alipopita yule kijana wa chanjo ya kichaa cha mbwa, na kisanduku chake cha barafu begani. Alimchoma Tutaona sindano, akamshika mdomo, akaangalia ufizi. Akauliza kwa upole, "Tata, unamupikiaka nini?"

Nikajisifu. Nilimwambia unga, samaki, lengalenga, na nikamwambia hivi, kwa majivuno, kwamba mimi sipiki kama wengine, mimi natia kitunguu kila siku, kingi. Akaacha kuandika. "Kila siku?" Nikasema kila siku. Akasema, "Tata, kitunguu njo sumu ya imbwa. Inakulaka damu yake pole pole. Ufizi unakuwa mweupe, mukojo unakuwa mweusi." Alisema bila kunicheka. Alifikiri ananisaidia na huyu mmoja. Hakujua kwamba alikuwa ananieleza kifo cha mwingine, alama kwa alama.

Nilimshukuru, nikamsindikiza mpaka langoni, nikarudi nikamwaga sufuria nzima kwenye shimo. Tutaona aliniangalia kama mwizi. Uliporudi kutoka shule uliuliza, "Tata, juu ya nini leo chakula hakinuki?" Nikasema Tutaona hapendi harufu ya kitunguu. Uliamini. Ulikuwa unaniamini kila kitu kilichohusu mbwa.

Nilijiambia nitakuambia Jumapili. Jumapili ulikuwa na mtihani kesho yake. Kisha nikajiambia nitakuambia ukimaliza shule. Watu wa avenyu walianza kuniletea mbwa zao, walinzi wa lile ghala la madini wakaja na zao kubwa, wakaniuliza wawapikie nini, na mimi nikawa mtaalamu. Wote niliwaambia: usitie kitunguu, usitie chumvi, usimpe bitoyo kwa sababu samaki yule ni chumvi tupu, usimpe mfupa wa kuku uliopikwa maana unavunjika kama kioo. Nimemwambia kila mtu mwenye mbwa kuanzia hapa mpaka Kasulo, isipokuwa wewe. Na kila aliyeniuliza nimejuaje, nilimwambia nimesikia.

Kisha ikaja ile barua yako ya kuomba nafasi chuoni. Ulikaa pale mezani ukatusomea, mimi na mama yako, kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili, ili tuelewe vizuri. Uliandika kwamba unataka kuwa daktari wa wanyama kwa sababu ulipokuwa mdogo mtu alimlisha sumu mbwa wako, akafa wewe ukimwuguza, na hukujua la kufanya. Mama yako alifuta macho. Wewe uliniangalia ukingoja niseme kitu, na nilisema, "Umeandika vizuri." Mwadi, pale ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa na mimi nikasema umeandika vizuri.

Tangu siku ile sina raha. Nakuona umekaa darasani, huko Lubumbashi, mbele kama kawaida yako, na kalamu. Mwalimu anaandika ubaoni vitu vinavyoua mbwa. Anaandika kitunguu. Anaandika ufizi mweupe, mkojo mweusi, siku tano, siku sita. Na wewe unaacha kuandika. Hakuna mtu karibu yako anayejua kwa nini. Unahesabu nyuma, unafika kwenye sakafu yetu, na unaona vidole vyako na kile kipande cha ini. Hicho ndicho siwezi kukivumilia. Si kwamba utanidharau, ingawa naogopa sana hilo pia, sitakudanganya tena. Ni kwamba ungelijua peke yako, na ungefikiri ni mkono wako.

Haukuwa mkono wako. Mkono wako ulipuliza chakula kipoe. Aliyekipika ni mimi, aliyekata vitunguu vinne ni mimi, na aliyezidisha kila alipoona mbwa anazidi kuumwa ni mimi. Ukilia, lilia Batasema, usilie kwa sababu yako.

Kuna vitu nimejifunza, na sijui kama vitakufaa, lakini ni vyangu na nimevipata kwa shida. Nilimpikia Batasema chakula ambacho mimi ningependa kula kama ningekuwa mgonjwa. Sikuwahi kujiuliza yeye ni nani. Nikikaa hapa nikifikiri, naona nimekufanyia hivyo na wewe pia mara nyingi. Nilikupeleka ile shule ya ushonaji likizo nzima kwa sababu mimi nilipenda kushona nilipokuwa kijana, na ulikwenda kimya kimya ukichomwa na sindano. Nilikunyima kucheza mpira. Nilikuwa nakutia kitunguu. Ukiona ninakupigia simu kukushauri jambo ambalo halikufai, niambie tu, "Tata, kitunguu," nami nitaelewa na nitanyamaza.

Na siku moja utakuwa na chumba chako na koti lako jeupe, na mtu ataingia amebeba mbwa anayekufa, atakuambia jirani amemlisha sumu. Labda ni kweli. Lakini kabla ya kumwuliza habari za jirani, mwulize habari za sufuria. Mwulize kama yule kijana alivyoniuliza, bila kucheka, bila kuinua sauti. Kuna mtu anaweza kuwa amesimama upande wa pili wa ukuta, anangoja jibu lako.

Sasa nikueleze ya Jumapili iliyopita, kwa maana ndiyo iliyonipa kalamu.

Kwanza nilimwambia mama yako. Tulikuwa tunatoka kanisani, wewe umetangulia na rafiki zako. Nilidhani atanipigia kelele njiani. Alitembea mbali kidogo, kisha akasema, "Bitunguu bilikuwaka byangu." Nilimshika mkono pale barabarani, lori zikitupita na kutumwagia vumbi, na hatujafanya hivyo tangu ulipozaliwa. Aliniambia, nenda kwa yule mzee leo, usisubiri kesho.

Nikaenda. Miaka kumi sijagusa lango lile. Tata Kazadi alikuwa uani, anamwagilia lengalenga zake na kopo lililotobolewa. Ana miwani siku hizi, mguu mmoja umevimba. Nilisimama, nikamwambia kila kitu, hata ile ya jina la mbwa kwamba nilimlenga yeye. Hapo alitabasamu kidogo, akasema, "Ile nilijua." Lakini nilipofika kwenye kitunguu aliweka kopo chini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Niliomba msamaha, nikasema nitakwenda tena kwa shefu, nitasema mbele ya watu wale wale, na wiki hii nimekwenda kweli, nimesema. Shefu atawaita watu wa avenyu Jumamosi. Wewe hutakuwapo, na ni afadhali, maana hiyo ni aibu yangu na nitaivaa mwenyewe.

Tata Kazadi alivua miwani, akaifuta. Aliuliza jambo moja tu.

"Na mutoto anajua?"

Nikasema bado.

"Njo anaenda ku masomo?"

Nikasema ndiyo, wiki hii.

Akachukua kopo lake. Akasema, "Basi usimuambie. Aende na roho muzuri. Mi nilisha zoea."

Mwadi, nilitoka pale nikakaa kwenye jiwe nje ya lango letu, nikalia kama mtoto. Mtu niliyemharibia jina miaka kumi yuko tayari kuendelea kulibeba, ili wewe usiumie. Kama angenitukana ningevumilia. Labda ningekwenda nyumbani nikaona nimelipa. Lakini alipokuhurumia wewe, nilijua siwezi kupokea ile zawadi. Amekwisha kubeba vya kutosha. Na wewe si mtoto wa kufichwa kitu, umekuwa mtu mzima mbele ya macho yangu na mimi nilikuwa najikunyata nyuma ya sufuria.

Nasikia Tutaona anaamka, sufuria imeiva. Leo kuna unga, maboga, samaki mbichi niliyemtoa miiba mwenyewe mmoja mmoja, na ini kidogo. Hakuna kinachonuka vizuri ndani yake. Anakula kwa furaha na miaka yote hii hajaumwa hata siku moja. Nakuambia kwa sababu najua utauliza habari zake kwenye simu kabla ya kuuliza zangu.

Nitaiweka barua hii juu ya mto wako kabla hamjarudi. Ukiimaliza na hutaki kuniona usiku huu, nitaelewa, nitakaa hapa nyuma. Ukitaka kuja kunipigia kelele, njoo, kiti cha pili kipo. Nimekupenda tangu siku uliyozaliwa mpaka hivi ninavyoandika, na nimekudanganya miaka minne, na yote mawili ni kweli.

Lakini kesho nakuomba kitu kimoja. Basi linaondoka saa moja. Tukitoka langoni, miguu yetu itataka kwenda barabara ya juu, kwa mazoea. Mimi nitabeba sanduku na nitageukia chini. Tata Kazadi atakuwa uani na kopo lake, saa ile anamwagilia kila siku. Huna haja ya kusema mengi, na habari za kitunguu usimwambie, anazijua. Simama tu langoni kwake umwambie, "Jambo yenu, Tata Kazadi." Ila liseme kwa ile sauti uliyokuwa unamwitia Batasema jioni, ile iliyofika mpaka mwisho wa avenyu.

Ni mimi tata yako, ambaye avenyu nzima inamwita kwa jina lako,

Tata Mwadi